Maji Yanavyokula Kioo cha Taka za Nyuklia

Mhadhara ufuatao uliandaliwa kwa ajili ya vikao vya wakazi wa Kilifi kuhusu maji ya ardhini na mazingira. Unachapishwa kwa ukamilifu ili waliokosa kuhudhuria nao wausome.



Tangu Uyombo itajwe kuwa mahali panapoweza kujengwa kinu cha umeme wa nyuklia, kauli mbili zimesikika sana katika mabaraza ya kaunti hii. Ya kwanza husema taka za nyuklia hazina tatizo tena, kwa sababu siku hizi hugeuzwa kioo, na kioo hakiozi. Ya pili husema kioo hicho kitapasuka, maji yataingia, na visima vyote vitakuwa sumu. Mazungumzo ya kinu yalihamia baadaye upande wa Ziwa, kule Siaya, lakini kauli hizo mbili hazikuondoka. Zote zina kasoro moja: zinakitazama kioo na kuyasahau maji.

Ukweli ni kwamba kioo huliwa na maji. Hata kile kilichotengenezwa kwa uangalifu mkubwa kwa kazi hii huliwa. Kinachobishaniwa na wataalamu ni kasi ya kuliwa huko. Na kasi hiyo huamuliwa kwa sehemu kubwa na maji yanayokizunguka kioo: yana joto gani, yanatembea au yametulia, yamebeba nini, na yamepita wapi kabla ya kufika.

Ni vyema kuanza na taka zenyewe. Fueli ya uraniamu ikishatumika kinuni hutolewa ikiwa na joto na mionzi mikali, na kwa miaka ya kwanza hutunzwa ndani ya vidimbwi vya maji hapo hapo kwenye kituo. Baada ya hapo nchi hutofautiana. Finland na Sweden zimeamua kuizika fueli hiyo jinsi ilivyo, ndani ya mitungi yenye gamba la shaba. Huko hakuna habari ya kioo. Ufaransa huiyeyusha fueli katika asidi ili kupata uraniamu na plutoniamu inayoweza kutumika tena, na Uingereza nayo ilifanya hivyo kwa miaka mingi. Kinachobaki ni kimiminiko chenye mionzi mikali sana, na hicho ndicho hugeuzwa kioo. Kwa hiyo mtu akiambiwa barazani kwamba taka zitawekwa kwenye kioo, ana haki ya kuuliza kwanza kama fueli hiyo itapelekwa kusafishwa, na wapi. Bila kazi hiyo hakuna kioo cha kuzungumzia. Kenya kwa sasa haina kinu cha umeme wa nyuklia wala taka za aina hiyo.

Kwa nini kimiminiko hicho kisibaki kama kilivyo? Jibu liko Hanford, katika jimbo la Washington nchini Marekani, mahali palipotengenezwa plutoniamu ya mabomu kuanzia miaka ya Vita vya Pili vya Dunia. Kuna matangi 177 yaliyofukiwa ardhini, yenye zaidi ya lita milioni 200 za taka. Matangi kadhaa ya zamani yamevuja, na udongo huo hauko mbali na mto Columbia. Kimiminiko kikipata tundu hutoka chote. Kioo hakina tabia hiyo, na hiyo ndiyo sababu kubwa ya kukichagua.

Ufaransa ilianza kazi ya kiwanda huko Marcoule mwaka wa 1978, kisha ikaipanua La Hague, karibu na bahari ya kaskazini-magharibi. Taka hukaushwa, huchanganywa na unga wa kioo na kuyeyushwa kwa joto la nyuzi 1,100 hivi za selsiasi. Uji huo mwekundu humiminwa ndani ya mkebe wa chuma cha pua wenye urefu wa mita 1.34, na mkebe mmoja hubeba kilo 400 hivi za kioo. Karibu nusu ya kioo hicho ni silika, yaani kile kile kilichomo katika mchanga mweupe wa ufuoni. Vilivyobaki ni boroni, sodiamu, alumini na vinginevyo, pamoja na taka.

Hapa pana jambo ambalo wengi hulikosea. Taka hazitiwi ndani ya kioo kama soda inavyotiwa ndani ya chupa. Huwa sehemu ya kioo chenyewe, kama rangi ya kijani ilivyo sehemu ya chupa ya kijani. Chupa hiyo ikivunjika, rangi haimwagiki. Na kwa kweli kioo cha La Hague huwa kimeshapasuka tayari ndani ya mkebe wake, kwa sababu upande wa nje hupoa kabla ya kiini. Nyufa huongeza eneo ambalo maji yanaweza kugusa, na hilo lina uzito wake, lakini kupasuka peke yake hakutoi mionzi nje. Ni lazima maji yafike, na yafanye kazi.

Kazi hiyo maji huifanya kwa hatua. Kwanza huingia kidogo katika ngozi ya kioo na kufanya biashara ya kubadilishana: hidrojeni ya maji huingia, sodiamu hutoka. Boroni nayo hutoka, na kwa kuwa haigandi tena mahali pengine, wanasayansi huipima majini ili kujua ni kioo kiasi gani kimeshaliwa. Sodiamu ikizidi, maji huanza kuwa na ukali kama wa magadi. Wakati huo huo maji hukata vifundo vya silika vinavyoshikilia kioo kizima, kimoja baada ya kingine.

Kama mambo yangeendelea hivyo, kioo kisingefaa kitu. Katika joto la nyuzi 90 hivi, maji safi yanayobadilishwa kila mara huweza kula unene wa unywele wa binadamu kwa miezi michache tu. Lakini jaribio lile lile likifanywa kwa maji yaliyotulia, kasi huanguka, na huweza kufika mara elfu moja hadi elfu kumi chini ya ile ya mwanzo. Unene ule wa unywele sasa huchukua mamia au hata maelfu ya miaka.

Wafanyakazi wa mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni hawahitaji kufundishwa sababu ya kwanza. Maji yakishashiba chumvi, hayayeyushi nyingine. Ndivyo ilivyo kwa silika. Maji yaliyokwama karibu na kioo hujaa silika kutoka kwa kioo chenyewe, na yakikaribia kushiba hamu yake hupungua. Yakiondoka na nafasi yake kuchukuliwa na maji mapya, karamu huanza upya. Tofauti kati ya mwamba ambao maji hupita kwa kasi na mwamba ambao maji hayasogei ni tofauti ya muda ambao kioo kitaishi.

Sababu ya pili ni utando. Silika na alumini zilizobaki, au zilizotoka na kurudi, hujipanga juu ya kioo kama tabaka la jeli lenye vitundu vidogo mno. Tabaka hilo hukaza, na maji hupata taabu kulipenya. Jinsi linavyojengeka bado kunabishaniwa. Wako wanaosema ni mabaki ya kioo kilekile baada ya sodiamu na boroni kuhama. Wengine husema kioo huyeyuka kabisa mahali pale pale na silika ikaganda upya. Si ubishi wa bure, maana anayetaka kukisia miaka laki moja mbele kutokana na majaribio ya miaka michache lazima ajue utando ule ni kitu gani.

Utando huo pia huchagua. Plutoniamu na jamaa zake nyingi hunaswa ndani yake au katika udongo wa jirani. Teknetiamu, ikiwa katika maji yenye hewa, hainaswi kirahisi, husafiri na maji. Sesiamu-137 na strontiamu-90, ambazo ndizo zenye mionzi mikali na joto katika miaka ya mwanzo, hupungua kwa nusu kila baada ya miaka 30 hivi, kwa hiyo baada ya miaka 300 hubaki karibu sehemu moja kati ya elfu. Plutoniamu-239 huchukua miaka 24,000 kupungua kwa nusu, na teknetiamu-99 zaidi ya miaka 200,000. Ndiyo maana ahadi ya miaka mia moja, hata ikitolewa na mtu mwaminifu, haitoshi katika jambo hili.

Sasa maadui wa utando. Joto ni la kwanza, kwa maana kioo huliwa haraka zaidi maji yakiwa moto. Kwa sababu hiyo Ufaransa huacha mikebe ipoe kwa miongo kadhaa kabla ya kuizika, na katika mpango wake wa kuzika kila mkebe utavishwa gamba nene la chuma, ili maji yasikifikie kioo kikiwa bado na joto kali. Saruji ni adui mwingine. Maji yaliyopita kwenye saruji huwa makali kama magadi makali, na ukali huo hukata silika kwa urahisi. Ukali na joto vikizidi, huweza pia kuzaliwa madini yaitwayo zeolaiti, ambayo hujijenga kwa kuchukua alumini na silika kutoka kwenye utando. Kioo kilichokuwa kimetulia kwa muda mrefu huanza kuliwa tena kwa kasi. Maabara zimeliona jambo hilo likitokea. Kama linaweza kutokea katika hali halisi ya chini ya ardhi, yenye joto la chini na maji yasiyo makali hivyo, ni moja ya maswali yanayopewa muda mwingi katika fani hii.

Halafu kuna chuma, na hapa kuna kitu cha kushangaza, kwa sababu chuma ndicho kiliwekwa kukilinda kioo. Chuma kikipata kutu ndani ya maji ya ardhini huvuta silika na kutengeneza nayo madini mapya. Ni kama mtu anayechota sukari katika kikombe cha chai iliyokwisha kushiba: nyingine itayeyuka kujaza pengo. Magnesiamu hufanya vivyo hivyo. Mwaka wa 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State nchini Marekani walitangaza katika jarida la Nature Materials jambo lingine kuhusu chuma. Walibananisha kioo na chuma cha pua, wakaviloweka kwenye maji ya chumvi yenye joto kwa muda wa hadi siku 30. Katika ule mwanya mwembamba kati ya viwili hivyo, chuma kilianza kuliwa na kuyafanya maji ya hapo kuwa na asidi, na asidi ikakila kioo haraka kuliko kilivyoliwa kikiwa peke yake. Jaribio hilo lilikuwa la muda mfupi na katika hali ngumu, na halithibitishi kwamba mikebe yote itaharibika hivyo. Lilichoonyesha ni kwamba kupima kioo peke yake na chuma peke yake, kisha kujumlisha, ni kujidanganya.

Mkazi mwenye busara atauliza: nani ameishi miaka elfu moja akaona? Hakuna, ila vitu vimeishi. Katika Bahari ya Mediterania, karibu na visiwa vya Embiez nchini Ufaransa, palizama jahazi la Warumi likiwa na shehena ya mabonge ya kioo. Yalikaa chini ya maji ya bahari yapata miaka 1,800. Mabonge hayo nayo yalikuwa na nyufa, kama kioo cha taka. Wanasayansi wa Ufaransa walipoyakata na kuyachunguza, walikuta kwamba nyufa za nje, zilizokuwa zikioshwa na bahari, zimeliwa sana. Nyufa nyembamba za ndani, ambazo maji yalikwama humo na kuzibwa na mabaki ya kioo chenyewe, zilikuwa zimeguswa kidogo mno. Ni bonge moja, bahari moja, miaka ile ile, na matokeo mawili kwa sababu ya mwendo wa maji.

Nchini Kenya ushahidi wa namna hiyo haukosekani. Miteremko ya Eburru, karibu na Naivasha, ina jiwe jeusi linalong'aa, kioo kilichotengenezwa na volkano. Watu wa kale walilichonga visu na ncha za mikuki. Jiwe hilo likichongwa, uso mpya huanza kunyonya maji pole pole, na wanaakiolojia hupima unene wa ngozi hiyo kukadiria chombo kilichongwa lini. Hata shanga za kioo zilizofukuliwa Gede, zilizoletwa na biashara ya Bahari ya Hindi, zilikaa karne nyingi udongoni na bado ni shanga. Lakini kioo cha volkano na kioo cha shanga havina mapishi sawa na kile cha La Hague, wala havina joto la mionzi ndani yake. Ni mashahidi wazuri wa jinsi maji yanavyofanya kazi, si dhamana ya kioo kingine.

Waingereza waliamua kutosubiri mabaki ya kale. Mwaka wa 1970 walifukia vipande vya vioo vya aina mbalimbali katika tuta la mawe ya chokaa huko Ballidon, Derbyshire, kwa mpango wa kuvifukua kidogo kidogo katika muda wa takriban miaka 500. Watakaofukua vipande vya mwisho hawajazaliwa.

Kwa elimu hiyo yote, mahali pa kuzika huchaguliwa kwa kuangalia maji. Ufaransa imechagua Bure, upande wa mashariki mwa nchi, kwenye tabaka la mwamba wa udongo wa mfinyanzi lililo mita 500 hivi chini ya ardhi na lenye umri wa miaka milioni 160 hivi. Humo maji yapo, lakini karibu hayasogei. Ombi la kibali cha ujenzi liliwasilishwa Januari 2023, baada ya miongo ya utafiti, na bado kuna wakazi wa huko wanaoupinga mpango huo. Hesabu za Wafaransa hukipa kioo chao maisha ya mamia ya maelfu ya miaka katika hali hiyo. Hanford ni tofauti. Sehemu ya taka zake yenye mionzi hafifu zaidi imepangwa kuzikwa ikiwa kioo katika mahandaki yasiyo na kina kirefu, kwenye ardhi kavu juu ya kiwango cha maji ya chini. Huko hesabu huanza na mvua: ni kiasi gani kitapenya udongo kila mwaka na kukifikia kioo.

Ikigeuzwa darubini kuelekea Kilifi, picha huwa wazi. Ukanda wa pwani umekaa juu ya mwamba wa matumbawe. Ni mwamba wenye mapango na vitundu, ambamo maji hupita upesi. Visima vilivyo karibu na ufuo vikipigwa pampu kupita kiasi hugeuka chumvi kwa kuwa bahari huingia, na maji ya bahari yamejaa magnesiamu, ile ile inayopora silika. Maji yanayotembea, yenye joto la pwani na yenye magnesiamu ni karibu kila kitu ambacho mtu asingependa kuwa nacho kando ya kioo cha taka. Mtaalamu yeyote angeupa mwamba kama huo alama ya chini sana kwa kazi ya kuzika, hata kama kioo kingekuwa bora namna gani.

Hata hivyo, kwa kaunti inayofikiriwa kwa ajili ya kinu, kioo si jambo la karibu. La karibu ni fueli iliyotumika, ambayo itakaa kwenye vidimbwi na baadaye pengine kwenye makasha makavu juu ya ardhi, kwa miaka au hata miongo, kabla ya kuamuliwa iende wapi. Vidimbwi hivyo vinahitaji maji na umeme usiokatika. Ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira inapoletwa kwa wananchi, ukurasa wa kutafuta kwanza ni ule unaosema fueli itakaa hapo muda gani na itapelekwa wapi. Jibu likiwa ni nchi nyingine, liulizwe kama kuna mkataba ulioandikwa, na kama kioo kitakachopatikana kitarudishwa. Kampuni za Ufaransa ziliposafisha fueli ya Ujerumani na Japani, mikebe ya kioo ilirudishwa kwa wenyewe.

Na ikiwa siku moja sehemu yoyote ya Kenya itapendekezwa kuzikwa kioo, ripoti inayoeleza ubora wa kioo kwa kurasa 50 na maji kwa kurasa 2 irudishwe ilikotoka. Inayofaa itaonyesha visima vya uchunguzi vilivyochimbwa, maji yalivyopimwa kiangazi na masika kwa miaka kadhaa, yana umri gani, yanaelekea upande gani na kwa kasi gani, na ni visima vya nani viko mbele yake. Itasema joto la kioo siku maji yatakapokifikia. Itataja chuma na saruji vitakavyokuwa kando yake, na itaonyesha vimejaribiwa vikiwa pamoja, katika maji yaliyochotwa mahali hapo hapo.